Mama Hunyamaza Penye Nasadiki

Kila Jumapili, misa ya pili, Kayole,
tunaposimama kuungama imani kwa sauti moja,
mama hutamka yote wazi, kama asomaye bei sokoni,
hadi pale penye akashukia kuzimu,
na hapo hunyamaza.

Kanisa zima linapanda siku ya tatu,
mabati yanaitikia,
mama amebaki chini.
Mkoba kifuani, macho kwenye saruji
kama mtu aliyeangusha shilingi.
Hurudi kwetu penye Amina.

Nilidhani amesahau. Nikamgusa kiwiko, akanisukuma.
Kisha jioni moja, tukichambua sukuma mlangoni,
akasema bila kuulizwa:
"Mnamharakisha mno.
Mtu ameshuka mahali pa giza, hajapazoea,
na nyinyi mshamwambia afufuke.
Sasa Musyimi atamwona saa ngapi?"

Musyimi, kitinda mimba wetu,
mwenye kovu la pasi mkononi,
alikutwa na mtungi wa gesi usio wake.
Sitasema hakuushika. Aliushika.
Wa kilo sita, wa kijani, umebaki nusu.
Kwa nusu hiyo wakaleta tairi.
Tulipofika, watu walikuwa wamesharudi
kwenye foleni ya maziwa.

Hema la ng'ambo lina vipaza sauti vinne.
Usiku wa mkesha mhubiri huinadi jehanamu
kama dalali wa ploti:
urefu wa ukuta, funza wasiolala,
moto usiojua kuzimika, na nani ameshawekewa nafasi.
Wezi huwataja baada ya wazinzi, kabla ya waganga.
Mama hufunga dirisha,
hulifungua tena kwa sababu ya joto,
humjibu kwa sauti ya humu ndani:
"Wangu ameshaungua, bwana.
Andika hapo. Kona ya bucha, saa moja asubuhi."

Nami ndiye nifundishaye watoto wa komunyo ya kwanza.
Jumamosi moja Ndinda, miaka tisa, akainua mkono:
"Mwalimu, kuzimu ndiko jehanamu?"
La, nikasema. Kuzimu ni kwa wafu waliokuwa wakingoja,
jehanamu ni ya waliokataa,
toharani ni pa kutakaswa.
Nikachora ubaoni vyumba vitatu vimepangana
kama nyumba za kupanga.
Akavitazama.
"Na ufunguo anao nani?"
"Anao Yesu."
"Basi mbona asifungue vyote?"
Kengele ililia. Kuna walimu huokolewa na kengele.

Nikalipeleka swali kwa Padre Wandera,
aliyekuwa akitafuta miwani iliyo kichwani mwake.
"Kanisa," akasema, "limetangaza watakatifu hata tumewasahau.
Aliye motoni, halijamtaja kwa jina hata mmoja."
"Kwa hiyo hakuna?"
"Sikusema hivyo. Nimesema halijamtaja."

Nikamletea mama neno hilo pamoja na unga.
Akaupima unga kwa kikombe, mara mbili, akasitisha mkono.
"Hata aliyewasha kiberiti?"
"Hata yeye."
Hakupika ugali siku ile. Tulilala na chai.

Maana tunamjua. Mtaa wote unamjua.
Alituuzia maji, shilingi ishirini mtungi,
na mama alihesabu chenji yake bila kumtazama usoni,
miaka minne.
Mwezi wa tatu kifua kikamlaza,
kabla ya Pasaka akafa.
Mhubiri wa hema alimzika vizuri, kwa nyimbo na kandili:
alikuwa ameokoka, alitoa zaka.

Jumapili iliyofuata tukafika pale pale, akashukia kuzimu,
mama akanyamaza.
Tukafufuka bila yeye, tukapaa, tukaketi kuume,
tukasema Amina, tukaanza maombi ya waamini,
tuwaombee wagonjwa, tuwaombee watawala,
na mama yu kimya bado,
kidole gumba kikisugua kifungo cha mkoba.
Alirudi wakati wa sadaka.

Njiani nikamwambia, leo umechelewa.
Akaruka mtaro, akanipa mkono nami niruke.
"Wako wawili sasa," akasema.

Tulipofika kwenye geti akaongeza:
"Lakini Musyimi kwanza."